Chuo Alikopika Baba Mkwe

Watu huniuliza kwa nini nilikwenda Dodoma kusomea utunzaji wa kumbukumbu, mimi ambaye tangu utotoni nilifunga bandeji hadi miguu ya kuku. Jibu langu huwachekesha: baba mkwe alikuwa mpishi wa chuo cha uuguzi.

Kwetu Rungwe, kwa wanaoshika mila bado, mkamwana haonani na baba mkwe. Akisikia mzee anakuja, anatoka njiani mpaka apite. Tuliishi uwanja mmoja kule Mpuguso, nami nilimjua mzee kwa kikohozi tu. Sasa nisome pale chuoni, nipange foleni ya chakula, anipakulie ugali uso kwa uso? Mume wangu alisema, "Hayo mambo ya zamani, bwana." Mzee, mwenye mila yake, hakusema kitu, na kumuuliza sikuweza. Nikaenda zangu Dodoma.

Nilihitimu. Kazi ya kumbukumbu haikupatikana, nikarudi Rungwe nikafungua duka la fotokopi pale Bulyaga, na majuto yakaniingia polepole. Nikimwona nesi anapita, nilitaka kujua mkobani ana nini, na asubuhi ile kamshika nani mkono. Umbea, ndiyo, ila ulikuwa unaniuma.

Mwaka huu mama mkwe alijikata mguu kwa panga akikata majani ya ng'ombe. Nikawa namsafisha kidonda jikoni, nikimhoji mpaka akachoka: panavuta au panachoma? Usiku panazidi?

"Wewe ungekuwa nesi," akasema.

"Ningekuwa, mama, kama baba asingekuwa anapika pale."

Ilinitoka kwa hasira. Nje ya ukuta mtu akakohoa. Kisha sauti yake ikaanza kuongea na ng'ombe, maana na mimi haiwezi.

"Jikoni niliacha mwaka ule mkamwana alipotaka kuomba chuo. Niliwaambia wakubwa wanipeleke bustanini, kule nyuma, yeye apite mbele bila taabu. Nikangoja. Nikasikia kaenda Dodoma. Nikasema basi, uuguzi haupendi."

Mama mkwe akageukia ukutani. Hata yeye alidhani mumewe alitolewa jikoni kwa uzee.

Nilishika kitambaa cha maji ya chumvi, machozi yananitoka, na bado kichwa kimejaa maswali. Aliwaambiaje wakubwa wake? Wapishi wenzake hawakumcheka, mtu mzima kuacha sufuria na kushika jembe? Mwaka ule alipokuwa akingoja, alikuwa akiangalia lango la chuo kila asubuhi? Nilikuwa nimeupoteza uuguzi kwa kumheshimu mtu aliyekwisha kuniachia njia. Nikatamani kumwona usoni, angalau mara moja, nijue mtu wa namna hiyo anafananaje.

Nikainuka, nikaenda mlangoni.

Ng'ombe alikuwa peke yake. Mzee alikuwa ameshaondoka haraka, kunipisha.