Meli Iliyotoboka, Mara ya Pili

Kanda ile niliitazama mara mbili, katika banda lile lile la video pale Same, na mara zote mbili sikuuona mwisho wake. Mara ya kwanza nilikuwa na dada yangu. Mara ya pili dada yangu alikuwa amelazwa hospitalini, amejifungua mtoto mzima, na mwilini mwake damu imebaki kidogo.

Naandika ninavyokumbuka. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza cha kwenye kanda sikukielewa. Kwa hiyo nikieleza waliyosema wale watu wa angani, naeleza alivyotufasiria mwenye banda. Naye, kwa haki, hakuwahi kudai kwamba anakijua sana. Alikuwa mtu wa Kigoma, alikuja ujanani kukata mkonge, na shamba lilipopunguza watu, kiinua mgongo akakigeuza televisheni na deki. Alisimama kando ya kioo na mpini wa ufagio, akimgusa anayesema. "Huyu anasema hewa inavuja. Huyu anamwambia, usipige kelele."

Ulikuwa mwanzo wa sehemu mpya ya mfululizo. Kanda za nyuma hakuwa nazo, hivyo meli ya angani ilitoboka hata kabla hatujajua ni ya nani na inakwenda wapi. Tundu ubavuni. Mlango wa chuma unashuka, watu wengine upande huu, wengine upande ule, na hewa iliyobaki ni ya mtungi mmoja. Nahodha ni mwanamke mwenye nywele fupi. Ana redio, lakini anawaita watu wake tu, kwa njia ya siri, kwa sauti ya chini, kwa sababu akiita kwa nguvu kila aliye angani atajua kwamba meli yake imetoboka. Anaita. Kimya. Anaita tena.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa siku ya gulio na tulikuwa tumeteremka kutoka kwetu milimani kuuza tangawizi. Dada tumbo lilikuwa limeshamtangulia, anakula karanga, maganda anayaweka mapajani pangu.

"Huyu mama anaona aibu ya nini?" akasema, na banda zima likamsikia. "Angekuwa kwetu pembe ingeshalia, watu wako ndani ya ndiva na majembe."

Watu wa milimani wakacheka. Mwenye banda akasimamisha kanda akauliza ndiva ndiyo nini. Dada akamweleza kwamba ni bwawa letu la kukingia maji ya mfereji, usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, kila shamba kwa zamu yake. Ukuta ukipasuka pembe inapigwa, na kila mwenye mikono anakuja, na huo ndio msaragambo.

"Na mtu akiipiga bure?"

"Bure? Utasomba udongo wa ndiva peke yako mpaka ulaani siku uliyozaliwa."

"Basi hawa hawana msaragambo," mwenye banda akasema, akaendelea kufasiri. Kabla meli haijapona wala haijafa, umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme.

Mwezi haukuisha, dada akajifungua nyumbani, na baada ya mtoto damu ikamtoka hadi viganja vikawa vyeupe kama unga. Tulimteremsha kwa machela hadi barabarani, gari la tangawizi likatufikisha hospitali ya Same. Mganga alifanikiwa kuizuia damu. Lakini akasema iliyobaki haimtoshi, na friji ya damu ilikuwa tupu. Simlaumu. Enzi zile hata nyuzi za kushonea tulikwenda kununua wenyewe dukani, na wauguzi wale wale waliokuwa wakitufokea niliwaona wakimfunika dada kwa khanga zao. Nikapimwa mimi, haikuoana. Akapimwa shemeji, mume wa dada, haikuoana. Shemeji akapanda mlimani kutafuta ndugu.

Kesho yake asubuhi alirudi na mtu mmoja, baba yetu mdogo. Alikuwa ameingia nyumba kwa nyumba, kwa ndugu tu, akisema kwa sauti ya chini, kwa sababu mambo ya uzazi hayatangazwi. Huyu ana homa, yule mke wake amekataa, mwingine alijificha nyuma ya nyumba na shemeji aliziona ndala zake mlangoni. Niseme kwa haki, watu waliogopa. Ilikuwa miaka ambayo kutoa damu maana yake ni kupimwa, na kupimwa maana yake ni kujua kama unao ukimwi. Sina hakika kwamba mimi nisingejificha kama mgonjwa angekuwa dada wa mtu mwingine.

Damu ya baba mdogo ikaoana, dada akawekewa. Mganga akasema, "Ni mwanzo. Bado sana." Halafu muda wa kuona wagonjwa ukaisha, tukatolewa nje. Shemeji akaketi kwenye ngazi. Baba mdogo akalala chini ya mti. Mimi nikatembea tu, nikajikuta mlangoni pa banda la video. Sijui hata leo kama ni halali mtu kuingia video ndugu yake akiwa katika hali ile. Nilitaka mahali penye giza nisiulizwe kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo peke yako? Yule msemaji wako yuko wapi?"

Alinitazama, akasogea kando. "Ingia ukae. Ila kanda ni ile ile, umeshaiona."

Nilidhani kwa kuwa najua kitakachotokea sitaogopa. Ilikuwa kinyume. Mara ya kwanza kuna kijana mmoja alikuwa akicheka huku akifunga glovu yake, wala sikumtilia maanani. Sasa nilijua mlango utamfungia upande wa tundu, na kila alipocheka nilitaka kumwambia toka hapo, toka. Mlango ukashuka. Nahodha akashika redio. Akaita kwa sauti ya chini. Kimya. Nikamwangalia mdomo, nikaacha kuisikia tafsiri, nikamwona shemeji anaita kwenye mlango wenye ndala nje. Nikamsikia dada na karanga zake: anaona aibu ya nini?

Nikasimama.

"Kaa chini, dada, unatuziba!" mtu akasema nyuma. "Au unakwenda kuwaokoa?"

Wakacheka. Nikatoka mbio.

Shemeji alikuwa bado kwenye ngazi. Nikamwambia arudi juu, asiingie nyumba ya mtu, aende kwa mzee anayetunza pembe.

"Pembe?" Alinitazama kama niliyepagawa. "Pembe ni ya maji. Haipigiwi mtu mmoja."

"Faini nitaibeba mimi."

"Watatusema mpaka tuzeeke."

"Watuseme, dada naye yupo anasikia."

Akavaa viatu. Pikapu ya kwenda juu ilikuwa inapakia sabuni na mafuta ya taa. Akapanda juu ya mzigo.

Jioni waliniruhusu kuingia. Dada alifumbua macho kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Video."

Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Yule mama... kaipiga?"

"Anaipiga," nikamwambia, nikageukia ukutani asinione.

Kesho yake jua lilipopanda, lori la tangawizi likasimama nje ya hospitali bila tangawizi. Wakashuka watu na majembe, sepetu, karai, mmoja na gogo la mgomba la kuzibia maji. Walipoisikia pembe walikimbilia ndivani, wakaikuta nzima, na shemeji, ambaye si mtu wa maneno, amesimama juu ya ukuta analia. Wakatukana kwanza. Halafu wakapanda lori na majembe yao, hakuna aliyekumbuka kuyarudisha nyumbani.

Mlinzi akafunga geti. "Mnakwenda kulima wodini?"

Mzee wa pembe akaegemea jembe lake. "Tumeitwa kuziba ufa. Tuoneshe uliko."

"Majembe hayaingii hapa."

"Basi yalinde wewe. Ila tunayajua moja moja."

Wakayalaza kando ya ukuta, wakaingia. Na yule wa ndala alikuwemo. Nadhani nyumbani kwake, peke yake, ilikuwa rahisi kusema hapana. Mbele ya wenzake wenye majembe haikuwa rahisi. Si wote waliotoa. Wengine walipoiona sindano walirudi kwenye lori, na siwasemi vibaya, walikuwa wamekuja. Wengine damu haikuoana. Wale ambao damu yao ilioana walitosha. Jioni ile kucha za dada zikaanza kuwa na rangi.

Muuguzi mmoja aliniambia baadaye kwamba chupa ya damu ya baba mdogo ndiyo iliyomshikilia. Huenda. Sina elimu ya kubishana naye. Huenda bila pembe pia angepona, na mimi niliwatoa watu mashambani wakati wa ukame kwa ajili ya hofu yangu.

Mzee wa pembe hakubishana na lolote. Tuliporudi juu alituita, akasema pembe imelia na ukuta ulikuwa mzima, na sheria ni ile ile. Shemeji na mimi tukapewa ndiva nzima kuzibua tope na kukandika kingo. Tulifanya mpaka mikono ikachubuka, na waliopita njiani walituuliza kama tumeona meli huko chini.

Siku moja dada alikuja, mtoto mgongoni, anapumzika kila hatua chache. Alikatazwa kutoka nje. Akaketi ukingoni.

"Walipona wale?"

"Sijui. Niliondoka katikati."

"Mara mbili na hujui!" Akacheka mpaka akashika ubavu.

Kisha akainama, akachukua bonge la udongo la kujaa kiganja, akalibandika kwenye kingo, akalipigapiga.

"Hilo langu," akamwambia mzee wa pembe, aliyekuwa akitusimamia.

Mzee alilitazama bonge lile, halafu akatuambia mimi na shemeji tuendelee.