Mzee Aliyemtafuta Mkewe Ndani ya Spika

Wiki iliyopita tulimzika, kijijini Iyula, dereva mstaafu wa malori, ambaye wengi wenu mnaopita Tunduma mliwahi kupishana naye bila kumjua. Alikwenda kwa amani, mkewe akiwa amemshika mkono. Wasomaji wangu mmezoea nikiandika habari za msiba kwa unyonge. Leo unyonge sina. Nimerudi kutoka makaburini kifua mbele, na nitawaeleza kwa nini.

Alipostaafu, marehemu aliazimia kununua spika mpya za redio ya nyumbani. Aliniomba nimsindikize, akiamini kwamba mtu wa magazeti hadanganywi kirahisi madukani, jambo ambalo mke wangu angelicheka hadi kesho. Mfukoni alikuwa na flashi yenye wimbo mmoja tu, uliotolewa kwenye kanda ya zamani ya kwaya ya kanisani kwao. Katika ubeti wa pili, mkewe anaimba peke yake. Baadaye mama huyo alipasuliwa rovu shingoni, akapona, ila sauti ya kuimba haikurudi. Akaacha kwaya, akahamia benchi la nyuma, mdomo kaufunga. Siku moja mzee alimpigia ule wimbo kwenye spika zao mbovu, naye akasema, "Zima. Huyo si mimi." Neno hilo lilimuuma mzee kuliko upasuaji wenyewe, na ndilo lililotutoa nyumbani asubuhi ile.

Tunduma mnaijua: malori yanaunguruma kutwa, na kila muuza redio hushindana nayo. Katika duka la kwanza kijana aliwasha sabufa kubwa yenye taa za rangi, vioo vya kabati vikatetemeka. "Mzee wangu, kwa mdundo huu hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanacheza!" Mzee alifumba macho, akaungoja ubeti wa pili, akatikisa kichwa.

"Hayumo."

"Nani hayumo, mzee?"

"Mke wangu."

Kijana alinigeukia mimi, kama anayetaka kujua huyu mgonjwa nimemtoa wapi. Duka la pili, hayumo. La tatu, hayumo, tena mzee akalalamika kwamba wamemkalishia mkewe ngoma kichwani. Miguu ilikuwa inaniuma na nilikwisha kuanza kumshawishi achukue yoyote ile, twende tukale.

Duka la mwisho lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu aliyehamia huku kutoka Tanga. Huyo hakucheka. "Mama anaimba juu au chini, baba?" aliuliza. "Chini," mzee akajibu, "kama mtu aliyetoka kucheka sasa hivi." Mwenye duka aliingia stoo akatoka na spika mbili za mbao, zimejaa vumbi, zilizokosa wateja kwa kuwa haziwaki taa. Akazisogeza mbali na ukuta, akapunguza besi, akapunguza na sauti hadi tukalazimika kuinama. Ubeti wa pili ulipofika, mzee aliinua kidole juu. "Yumo! Huyu hapa, yumo!" Akamkumbatia mwenye duka juu ya kaunta, na mimi nikawakumbatia wote wawili.

Nyumbani mama alisikiliza kutoka mlango wa jikoni, mikono ikichuruzika maji ya vyombo. Ubeti ukaisha. Mzee alikuwa haangalii spika, anamwangalia yeye. "Hapo nilichelewa kuingia," mama akasema. Kisha akacheka, akalia, akasema, "Rudisha." Tangu siku hiyo sebule ile ikawa shule. Mabinti wa kwaya walijazana kwenye makochi, sauti inawafundisha kutoka kwenye spika, na mwenyewe anawaongoza kwa kidole na macho.

Sisi tumezoea kupima kila kitu kwa kishindo: harusi, mahubiri, hata siasa. Debe tupu haliachi kuvuma, nasi tunalikalisha mbele. Mzee wangu alinifundisha kujua kwanza ni nani ninayetaka kumsikia, kisha ndipo nichague chombo.

Msibani vijana walileta sabufa kutoka mjini ili kumheshimu. Mjane akawaambia, "Asanteni wanangu, lakini zimeni." Zile spika za mbao zikawekwa kibarazani juu ya stuli. Uani watu wakanyamaza hadi tukasikia kuku wakiparua. Ulipokaribia ubeti wa pili, mama alimpa ishara binti aliyekuwa karibu na redio, naye akaizima. Mabinti wakavuta pumzi. Lakini kabla hawajafungua midomo, mjane alisimama, akaimba mwenyewe, kwa sauti iliyokwaruza na kupasuka, nao wakamdaka na kumpandisha hadi uani pote tukasimama. Mwenye duka, kofia yake kichwani, alikuwa ubavuni pangu, kidole kakiinua juu. Safari hii mama hakuchelewa kuingia.