Kamera Iliyomwita Wangari Atoke Nje

Siku niliyoing'oa ile kamera ukutani, skrubu zilitoka na lipu, na sikuomba mtu msamaha. Nilikuwa nimerudi nyumbani saa ya chakula cha mchana nikamkuta binti yangu wa miaka mitatu amesimama nje ya geti, peke yake, amevalishwa gauni la kanisa. Lori la mchanga lilimpita karibu mpaka gauni likapepea. Nilimbeba mbio. Ndani, dada ya mume wangu alikuwa ameketi mbele ya kamera akipiga makofi na kuimba.

"Njeri! Mtoto anafanya nini barabarani?"

"Pole pole, Mama Wangari. Mama amemwita. Ati anataka kumwona kwa mwangaza."

Mama aliyekuwa akimtaja ni mama mkwe wangu. Tulimzika mwaka jana.

Sasa nisikilize vizuri. Haya yalitokea kwangu Skuta, hapa Nyeri, jua likiwaka. Usiniambie niliota. Sinywi, na nilimaliza kidato cha nne na akili zangu zote.

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo mtoto wangu ni Wangari, wajina wa nyanya yake, na Njeri, anayemwangalia nikiwa kazini, humwita "mami" kabisa, kama anaongea na mama yake mzazi. Akikataa uji, Njeri husema, "Mami amekataa," na sufuria inaondolewa kwa heshima. Mimi nilikuwa nacheka. Sicheki tena.

Kamera niliinunua mimi, mjini, nipate kumwona mtoto kwa simu nikiwa saluni. Iko na spika, unaweza hata kumwongelesha. Siku moja nilikuwa nasuka mteja, nikafungua simu. Wangari alikuwa amelala. Picha ikaanza kusogea. Kichwa cha kamera kilikuwa kinageuka, na si mimi niliyekigeuza. Halafu sauti ikatoka, ya mama mzee, imekwama kooni vile mama mkwe alivyoongea ugonjwa ulipomzidi.

"Kanyoni gakwa. Amka."

Ndege wangu mdogo, kwa Kikuyu. Niamini, nilishika kitana mpaka meno yake yakaniingia kiganjani. Jina hilo lilikuwa la mama mkwe peke yake. Alimnong'onezea mtoto siku zake za mwisho hospitalini, mimi nikiwa nimemshika, na sijawahi kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Kamera niliinunua baada ya mazishi. Nani aliiambia hiyo sauti?

Mume wangu nilipomwambia, macho yalimlowa. "Si ni mama tu," akasema. "Anasalimia wajina wake. Kuna ubaya gani?"

Nilibadilisha nywila. Sauti ikarudi. Nikabadilisha tena, ikarudi. Nikichomoa waya asubuhi, Njeri anaurudisha nikishaenda kazini, na jioni ananililia ati namfukuza mama yake kwa nyumba ya mtoto wake. Majirani wakaanza kuja kusikiliza. Mmoja alikuja na maziwa!

Lakini mimi nilikuwa nasikiliza maneno. Sauti haikuuliza mtoto amekula nini. Iliuliza baba yuko wapi. Iliuliza mlango unafungwa na nini. Wangari akaanza kusukuma kiti mpaka mlangoni, anachezea komeo. Mama mkwe ninayemjua mimi hakumruhusu huyu mtoto atoke hata uani bila kofia. Leo amwite mpaka barabarani?

Hiyo kamera niliifunga kwa leso pamoja na lipu yake, nikaipeleka nilikoinunua. Mwenye duka, Bwana Yusuf, alinipa kiti na chai.

"Dada, wallahi mimi nauza tu," akasema. "Ngoja tumpigie aliyeniletea."

Akaweka simu sauti ya juu. Aliyeshika alikuwa kijana wa Nairobi, wa kampuni inayoleta hizo kamera. Alianza na mdomo mtamu.

"Madam, kamera yetu ni salama. Picha na sauti zinafungwa kwa msimbo kabla hazijatoka kwa nyumba. Mtu wa njiani hawezi kuzisoma."

"Sasa mbona mtu anaongea na mtoto wangu?"

Akakohoa. Hiyo programu ya kufunga, akasema, hawakuitengeneza wao. Ni programu huria, imewekwa wazi kwa mtandao, kila kampuni inaichukua bure. Ilipatikana na tundu. Watu wanaoitunza kwa kujitolea waliliziba, wakatangaza, wakatoa mpya.

"Nyinyi mkaweka hiyo mpya?"

"Hiyo modeli ni ya zamani, madam. Hatuiwekei tena."

"Lakini bado mnaiuza."

Nikasogeza mdomo karibu na simu.

"Na mlijua kuna tundu?"

"Kila mtu alijua. Imeandikwa wazi kwa mtandao."

"Hata mwizi anaweza kusoma?"

"Eeh... mtu yeyote anaweza."

"Mtu yeyote isipokuwa mimi nimlazaye mtoto chini yake! Wewe kijana, uko na mama?"

Akakata simu. Bwana Yusuf aliinamisha kichwa, akatoa zilizobaki kwa rafu, akazitupa ndani ya boksi.

Sina neno na wale wa kujitolea. Waliona tundu, wakapiga kelele, wakaziba bila kulipwa. Ninamkasirikia aliyesikia kelele akaendelea kuuza. Na lile jina? Kijana hakuweza kulieleza, na mimi siwezi mpaka leo. Labda ni mtu. Labda ni kitu kingine, sitaki kukitaja mtoto akiwa amelala. Vyovyote vile, kiliingia kwa tundu ambalo watu walilijua.

Njeri haongei na mimi. Wangari huacha kucheza ghafla, anatazama pale lipu ilipobanduka, anajibu, "Niko hapa," na hakuna aliyemwita. Kwa hivyo wewe unayesoma, kama kuna kamera yenye jicho na spika juu ya kitanda cha mtoto wako, uliza leo nani anaitunza. Ukiambiwa hakuna, ing'oe. Usingoje mazishi ya pili.

Nilipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali inayolinda data za watu. Karani alisoma akainua macho. "Mama, hapa niandike unashtaki mtu ama pepo?"

"Andika kampuni," nikamwambia. "Pepo hakunipa risiti."

Haya ndiyo niliyoandika, na nikatia sahihi:

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Skuta. Ninalalamika kwamba kampuni iliyoleta kamera hii ilijua programu yake ya kufunga ina tundu, ilijua dawa yake imetolewa bure, na ikaendelea kuiuza bila kutuonya. Mtu nisiyemjua alimwona mtoto wangu akilala, akamwongelesha, akamtoa mpaka barabarani. Sidai fidia. Ninaomba kampuni ilazimishwe kumtafuta kila mzazi aliyenunua kamera hii na kumwambia aizime, leo, kabla watoto hawajalala."