Neno la Kigiriki la Kubanwa

Mume wangu alibanwa kati ya trela na ukuta wa yadi ya makontena kule Changamwe. Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza madereva wanaporudi nyuma. Mbavu zilivunjika, pafu moja likaharibika, na baada ya wiki nyingi wodini madaktari walisema hawana la zaidi. Tukarudi naye nyumbani, Mikindani.

Kulala hakuweza. Akilala tu, pumzi ilikuwa ikimkatika. Alishinda na kukesha kitini, paji la uso juu ya mikono, mikono juu ya mto, mto juu ya meza. Mimi nilipika huku nikimsikiliza. Sauti ya pumzi ikipotea niliacha sufuria nikakimbia.

Kikundi chetu cha kanisa kilikutana kila Alhamisi alasiri, nyumba kwa nyumba. Aliyetufundisha alikuwa mwalimu mstaafu aliyejifunza Kigiriki uzeeni, na kamusi yake aliifunga kwenye karatasi ya nailoni kwa sababu ya mvua. Zamu yetu ilipofika, somo lilikuwa dhiki.

"Neno hili tumelizoea mno," mwalimu alisema. "Mtu akikosa sukari, ana dhiki. Lakini Kigiriki chenyewe ni *thlipsis*. Maana yake kubanwa. Kitu kizito kimekukandamiza na huna pa kusogea. Ndivyo walivyokamua zabibu na zeituni."

"Kama nazi iliyokunwa ikikamuliwa kwenye kifumbu," akasema jirani yetu, mama mmoja Mgiriama.

"Naam! Na tui likatoka!" Mwalimu alifurahi kweli.

Mume wangu aliinua kichwa. "Mwalimu, hebu litaje tena."

Likatajwa. Naye akajaribu kulitamka, likamshinda, maana lilitaka pumzi nyingi kuliko alizokuwa nazo. Kisha akatabasamu. Tangu ajali sikuwa nimeliona tabasamu lile. "Aliyeliandika hilo," akasema, "alikuwa anajua."

Watu wakaitikia amina. Sijui nini kilinipanda. Labda ilikuwa ile furaha yao, wamekaa kwenye viti vyangu wakipumua bila shida. Nikauliza, "Na machicha, mwalimu? Tui likishatoka, machicha yanatupwa wapi?"

Mwalimu akashika kamusi yake, akaifungua, akaifunga. Wakaomba kwa haraka wakaondoka, na chai niliyoandaa ikabaki.

"Umenifukuzia wageni," mume wangu akasema.

"Walikuwa wanakufanya mfano wa somo."

"Hapana." Akapumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Miezi yote hii watu wananiambia nitapona. Leo mtu mmoja ameniambia nilicho nacho. Mbona wanipokonya?"

Nikaosha vikombe ambavyo havikuwa vimetumika.

Siku zilizofuata tulisema ya lazima tu: dawa, uji, geuza mto. Nilitaka kumwomba radhi. Kila asubuhi nilijiambia leo, halafu nikaona uso wake nikaenda kuwasha jiko.

Jumanne moja nilitoka kununua mahamri. Niliporudi alikuwa vile vile, paji la uso juu ya mikono. Nikamimina chai, nikaiweka karibu naye. Nikamweleza kwamba maji yamerudi bombani, kwamba jirani amekwisha panga foleni ya ndoo. Nilikuwa nikitafuta njia ya kuingilia, nianze na maji, nimalizie na radhi. Nilizungumza muda mrefu kabla sijagundua kwamba sauti ndani ya chumba ilikuwa yangu tu.

Baada ya matanga mwalimu alikuja bila kamusi. "Mama, nikuombee?"

"Omba, mwalimu. Nitakusikiliza."

Akafumba macho, akaanza, akasita. Akaanza tena. Mwishowe akayafumbua na kusema, "Nisamehe, mama. Sina la kusema." Nilimhurumia, lakini huruma yenyewe ilikuwa ya mbali, kama ya mtu mwingine. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Siku hizi naishi Bombolulu, chumba kimoja na dada yangu. Nashona sare za shule. Kanisani naenda kwa sababu dada hataki kuniacha nyumbani peke yangu. Wakisimama nasimama. Kuomba siombi. Na ile radhi ambayo sikumwomba bado ninayo, wala sijui mtu huipeleka wapi.