Vumbi la Golicha

Watu wa Kiwanjani walimcheka Golicha mpaka wakachoka. Mtu mzima na ndevu zake, ametoka Uarabuni, badala ya kuleta televisheni kama wenzake ameleta mbao mbili ndefu zilizopinda ncha, eti skii za kutelezea thelujini, pamoja na viatu vizito kama kwato! "Theluji utaipata wapi hapa Isiolo, we Golicha? Kwa friji ya mama yako?" Acha wacheke. Huko Uarabuni alikuwa akifanya kazi katika jumba lenye theluji ndani, katikati ya jangwa, na wala sitii chumvi. Alianza kwa kupiga deki, akapandishwa kugawa viatu, na wageni wakishaondoka wasimamizi walimwachia ateleze. Akateleza mpaka mchezo ukamwingia damuni.

Sasa alikuwa ameitwa Ulaya, kwenye mlima wa kweli, akafundishe watoto wa watalii baridi itakapoanza. Ila kwanza angepimwa mbele ya wakubwa: ashuke mteremko wa matuta, halafu ashuke kwenye theluji laini inayomeza magoti. Ndani ya lile jumba hakukuwa na tuta wala theluji ya kina, mteremko wake ulikuwa umesawazishwa kama uso wa meza. Akishindwa, anarudishwa nyumbani. Na Golicha aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Ilimnyima hata usingizi.

Basi akatafuta mlima wake mwenyewe. Upande wa Kipsing kuna kilima cha majivu ya volkano ya zamani, chekundu, ambacho ng'ombe wamekikanyaga miaka na miaka mpaka ubavu wake ukawa matuta matupu. Kiangazi kilikuwa kimekausha majivu yakawa unga. Golicha alikuwa akienda huko kila alasiri na hakumwambia mtu, maana kuchekwa kulikuwa kumemchosha. Aliyejua ni mmoja tu, Nakuam, mchungaji wa mbuzi aliyelisha chini ya kilima. Nakuam aliketi kwenye jiwe akapiga makofi, akimwita "mtu wa mbao".

Kushuka kule si kubembea. Tuta linakuja likiyasukuma magoti yaingie kifuani, unalimeza, mbao zinaangukia upande wa pili kwa kishindo, na kabla hujavuta pumzi lingine limekufikia. Majivu yanaingia puani, machoni, kooni. Golicha alianguka, akachunika, akatema damu, akapanda tena. Nyuma yake vumbi liliinuka na kumfuata mpaka chini.

Vumbi hilo ndilo lililoleta balaa. Huku kwetu vumbi linasomwa. Likisimama na kuzunguka, ni upepo. Likikimbia kwa mstari, ni mifugo inaswagwa na wezi. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Golicha naye alilijua, amezaliwa humu humu, lakini akili yake ilikuwa imeshahamia Ulaya!

Siku ile kaka yake mkubwa, Dida, alikuwa na ng'ombe bondeni pamoja na Elmi, mwenzake wa malisho. Msimu uliopita wezi walikuwa wamempiga risasi binamu ya Dida na Golicha hapo hapo, akafa. Sasa ng'ombe kadhaa hawaonekani, na Dida anainua macho anaona vumbi linateremka kilimani mbio. Hakuuliza. Akafyatua bunduki.

Golicha alisikia risasi ikipasua jiwe mbele yake. Akashtuka katikati ya tuta, ubao mmoja ukakwama na mwili ukaendelea. Goti la kulia likajinyonga. Alilala kwenye majivu akiwa ameng'ata shati lake kwa uchungu, na hapo ndipo alipomsikia Nakuam akilia chini.

Alipowafikia, akichechemea na mbao begani, Dida na Elmi walikuwa wameshamfunga Nakuam mikono kwa kamba, wakimdhania mpelelezi wa wezi. Dida alikuwa akimpiga rungu, mgongoni, mbavuni, mdomoni. Elmi alikuwa amemkanyaga shingo.

"Wenzako wamepeleka ng'ombe wapi?" Dida alifoka.

"Ni mtu wa mbao!" Nakuam alisema, na jino likatoka pamoja na maneno. "Haki ya Mungu, ni mtu wa mbao!"

"Kaka, mwache!" Golicha akapiga kelele. "Vumbi ni langu! Ni mimi nilikuwa nashuka!"

Dida akageuka, jasho likimtiririka. "Vumbi lote lile? Mtu mmoja? Wallahi, Golicha, usinifanye mjinga. Unawakinga watu waliomuua binamu yako?"

"Huyu hajaua mtu! Ni mchungaji wa mbuzi!"

Elmi akaweka mtutu wa bunduki kwenye sikio la Nakuam. "Basi panda," akamwambia Golicha. "Ushuke tuone. Likitoka vumbi kama lile, tunamfungua. Lisipotoka, atazikwa hapa hapa."

Golicha akaliangalia goti lake. Lilikuwa limefura likajaza suruali. Kule Uarabuni alikuwa amewaona walioteleza na goti la namna ile. Walitolewa kwa machela na hawakuteleza tena. Akamchukia Elmi, akamchukia Dida, akamchukia hata Nakuam kwa kuwa hai pale, na akajichukia mwenyewe kuliko wote. Halafu akapanda, kwa mikono na mguu mmoja, akiburuta mbao.

Tuta la kwanza lilimtoa machozi. La pili likamtoa ukelele uliofika bondeni. Kwenye la tatu goti likapasuka, naye akalisikia likipasuka kama ukuni mkavu. Hakuanguka. Angeanguka, vumbi lingekatika katikati ya kilima, na kidole cha Elmi kilikuwa kwenye kifyatulio. Akauacha mguu uburutwe, akaegemea wa kushoto, akashuka akipiga mayowe, matuta yakimrusha na kumpokea, mpaka akajibwaga mbele yao, uso umepondeka, mguu umegeukia nyuma.

Vumbi likaja nyuma yake, jekundu, refu, likawafunika wote wanne. Lilipotulia, wale ng'ombe waliopotea walisikika wakilia korongoni, wazima wote, hakuna hata mmoja aliyeguswa.

"Ya Rabi," Dida alisema. Rungu likamtoka mkononi.

Elmi akakata kamba bila kumtazama mtu usoni. Nakuam akasimama polepole, jicho moja limevimba likafumba, akayumba mpaka alipolala Golicha. Golicha akanyoosha mkono. Nakuam akampiga ngumi ya uso. Akampiga ya pili. Dida akaruka kumzuia.

"Mwache," Golicha alisema, damu ikimjaa mdomoni. "Mwache apige, kaka."

"Ungewaambia tu!" Nakuam alikuwa analia sasa. "Neno moja tu! Kaka yako mwenyewe, ulishindwa kumwambia?"

 Golicha akafumba macho, akangoja ngumi nyingine, nayo ikaja.