Aya Aliyoiruka Nuto

Nuto wa Betto alinakili vitabu kwa miaka arobaini katika chumba kimoja ng'ambo ya mto Arno, na Firenze nzima ilijua hajawahi kuruka hata mstari. Wenzake walimtania kwamba nzi akifia kwenye karatasi ya mwandishi, Nuto atamnakili na mabawa yake. Naye alicheka, maana kwa kweli alijivunia.

Mwaka ule watawala wa zamani waliporudi mjini, mwanawe Sandro, mchambua sufu, alikamatwa kwa kupiga kelele za uhuru sokoni. Akatupwa gerezani kungoja neno la bwana mkubwa mpya, wa ukoo wa watawala hao. Wiki hiyohiyo akaja Bwana Vieri, karani aliyefukuzwa serikalini, na kitabu alichokitunga juu ya namna ya kutawala. Alitaka nakala safi ya kumtunukia bwana mkubwa, huenda akarudishwa kazini.

Sura kumi na moja zilikwenda vizuri. Katika ya kumi na mbili, aya moja ikamkata Nuto maini. Ilisema mtawala mpya amnyonge mtu mmoja mapema, hadharani, mtu mdogo asiye na ukoo wa kumlipizia kisasi, na wengine watatulia wenyewe.

Alimsomea mkewe, Tessa.

"Si Sandro wetu huyo?" Tessa akasema. "Iruke! We mzee, unangoja nini?"

"Miaka arobaini, Tessa, sijawahi..."

"Kalale nayo hiyo miaka yako arobaini! Mimi nataka mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nuto akairuka.

Lakini nakala haitoki bila kukaguliwa: mwenye kitabu husoma maandishi yake kwa sauti, mnakili akifuata kwa kidole kwenye nakala. Bwana Vieri alisoma kwa madaha mpaka akafika kwenye aya ile. Kidole cha Nuto kikasimama pasipo na neno.

"Ipo?"

"Ipo, bwana."

"Hapo ndipo penye utamu wa kitabu chote, mzee wangu. Kila neno nimelipima."

"Nimeona, bwana."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na ulimchoma. Hata hivyo alirudi nyumbani na tumaini, akamwambia Tessa alifue shati la Sandro.

Kitabu kikapelekwa, kimejalidiwa kwa ngozi nyekundu na vifungo vya shaba. Jumamosi Sandro akanyongwa, mbele ya watu, na mji ukatulia. Mtumishi wa jumba la bwana mkubwa alikuja kutoa pole, akasema vifungo vile havijafunguliwa hata mara moja. Bwana mkubwa hakuhitaji kusoma. Mambo yale alikuwa ameyajua tangu utotoni, mezani kwa baba yake.

Majira ya machipuko Bwana Vieri, ambaye bado hakuwa na kazi, alirudi kutaka nakala nyingine ya kumpelekea kadinali. Safari hii Nuto hakuruka kitu. Ila pembeni mwa aya ile alichora kikono kidogo chenye kidole kilichonyooshwa, kama wasomaji wachoravyo mahali wasipotaka kupasahau.

Bwana Vieri alipokiona akafurahi. "Kumbe nawe umeonja utamu wake!"

"Hapana, bwana," Nuto akasema. "Hapo ndipo alipo mwanangu."