Usukani wa Fatou na Upande wa Mama

Nitakayoyasimulia hapa hakuna atakayeyaamini, hata wewe unayenijua tangu nilipoacha shule kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa mambo ya kunifundisha. Basi usiamini. Soma tu.

Mpwa wangu Fatou alikuwa akiendesha lori lisilotembea. Mchana, jua la Likasi linapolegeza kila kitu, vilima vikisinzia na vumbi jekundu likining'inia hewani bila haraka ya kushuka, alipanda lori la mzee Amuri lililoegeshwa gereji, akashika usukani, akafumba macho. Ukimtazama usoni uliiona barabara. Lubumbashi ilipita, Kasumbalesa ikapita, na ng'ambo ya mpaka njia ikafunguka kama kitenge kinachokunjuliwa polepole.

"Umefika wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Ndola, mujomba. Usinisemeshe, kuko polisi mbele."

Amuri alikuwa amemwahidi lori hilo akipata pasipoti. Asipoipata kabla ya mvua, lingeenda kwa dereva mwingine. Na ili upewe pasipoti, kwanza uthibitishe kuwa wewe ni Mkongomani. Hapo ndipo ndoto ilipofunga breki.

Baba yake, marehemu Djibril, alitoka Mali akiuza vitambaa. Mama yake, Khadija, dada yangu, mtu wa Kasongo kule Maniema, alimtangulia kaburini. Na kwetu Waislamu wa hapa, mtoto ni wa baba. Kwa hiyo kila mtu alijua Fatou ni Mmali, hata yeye mwenyewe, ingawa Mali hajaiona hata kwenye kalenda.

Ushauri ukamiminika. Wengine walisema aombe uraia, maombi yapande mpaka Kinshasa, asubiri. Yunus, muuza matairi, alikuwa na njia fupi zaidi.

"Olewa na minye, Fatou. Minye niko Mukongomani muzima. Nawe utakuwa, pole pole."

"Weye? Matairi yako yenyewe hayafikake Lubumbashi!"

Siku ya kwenda ofisi ya serikali kuomba uraia, walioingia ndani na Fatou ni wazee wa upande wa baba, rafiki zake Djibril, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinalia. Mimi, ndugu ya mama, nilibaki nje, nikakaa ukutani kumenya karanga. Ndiyo desturi: mjomba huitwa kwenye mahari na kwenye matanga. Kwenye mambo ya asili ya mtoto, mjomba akalinde viatu.

Jakaranda ilikuwa ikidondosha maua yake ya zambarau, moja moja, bila sauti. Nikasinzia. Nikamwona Khadija anapita na beseni kichwani, nyayo hazigusi chini, anatabasamu kama mtu aliyesahaulika sokoni na wala hana kinyongo. Nikataka kumwita. Iliyoniamsha ni sauti ya mwanamke, inatoka dirishani juu ya kichwa changu. Ndiye Maman Henriette, mkubwa wa ofisi ile.

"Ba papa, hapa minaona ndevu tu. Mama ya huyu mutoto alikuwa muntu wa wapi?"

"Alikufa, maman," mzee mmoja akajibu.

"Kufa haiondoke na damu. Alikuwa wa wapi?"

"Wa Kasongo. Lakini kwetu mutoto ni wa baba..."

"Hiyo ni kwenu nyumbani. Sheria inasema baba ao mama, mumoja anatosha. Muko na muntu wa upande wa mama?"

Vichwa vyote vikageukia dirisha. Nami huyo, nimesimama, maganda ya karanga ndevuni, ua moja sikioni.

Nikaingizwa. Nikataja baba yetu, kijiji, chifu. Maman Henriette akamgeukia Fatou.

"Ulishachukua karatasi za Mali?"

"Sijachukua hata siku moja, maman."

"Basi hauombe kitu hapa. Ulizaliwa nayo, hiyo uraia."

"Tangu lini?" Fatou akauliza, sauti yake ndogo.

"Tangu siku ile ulilia mara ya kwanza."

Fatou akatazama nje, kama mtu aliyelala barazani miaka yote, kumbe mlango wa nyumba haukufungwa.

Naandika haya ndani ya kabini ya lori la Amuri, pasipoti imepatikana, Lubumbashi iko nyuma yetu, yeye anaendesha, safari hii macho wazi. Kalamu inarukaruka, na mimi siwezi kuandika bila kutamka. Ila bado sijakuambia nilivyousimamisha ukoo wetu pale mbele ya meza. Nilitaja mababu kumi na wanane bila kumeza mate, madirisha yakatetemeka, wafungwa kule gereza la Buluo wakanyamaza kusikiliza, Maman Henriette akashindwa kujizuia, akalia machozi mpaka yakalowesha—

"Babu kumi na nane gani, mujomba? Ulitaja babili, wa tatu minye njo nilikunong'oneza. Na mwenye kulia alikuwa weye."